Mkulima, Ford na haki ya kushika spana

Wakulima wa Marekani hawakuanza kwa kulipenda gari. Mwanzoni mwa karne ya 20 gari lilikuwa chombo cha matajiri wa mijini, waliotoka siku za mapumziko kwenda vijijini wakitimua vumbi, wakitisha farasi na kukanyaga kuku wa watu bila kusimama. Kuna sehemu ambako wanavijiji walichimba mitaro barabarani au kutega waya njiani ili wageni hao wasipite. Hata hivyo, haikupita miaka 20 kabla ya wakulima haohao kuwa miongoni mwa wateja wakubwa wa kampuni moja ya Detroit. Sensa ya mwaka 1920 ilikuta karibu theluthi moja ya mashamba ya Marekani yana gari, wakati mashamba yenye maji ya bomba ndani ya nyumba yalikuwa kama moja tu katika kumi.

Gari lililoongoza mageuzi hayo ni Ford Model T, lililotengenezwa kuanzia mwaka 1908 hadi Mei 1927, zaidi ya magari milioni 15. Historia yake husimuliwa zaidi kutoka upande wa mwenye kiwanda: mstari wa kuunganishia magari, mishahara ya dola tano kwa siku, bei iliyoshuka mwaka hadi mwaka. Yote hayo ni kweli. Lakini inafaa isomwe pia kutoka upande wa mwenye gari, kwa sababu huko ndiko liliko swali ambalo sasa limefika mahakamani nchini humo, safari hii kwa sababu ya trekta: je, mtu aliyenunua mashine kwa fedha zake anayo haki ya kuifungua na kuitengeneza mwenyewe?

Henry Ford alikuwa mtoto wa mkulima, aliyezaliwa Julai 30, 1863 katika eneo ambalo leo ni mji wa Dearborn, jimbo la Michigan. Jembe hakulipenda hata kidogo. Akiwa na umri wa miaka 16 alikwenda Detroit kujifunza ufundi wa mashine. Pamoja na hayo, alizijua barabara za kijijini zilivyo wakati wa mvua, na gari alilolitoa Oktoba 1908 lilibeba ujuzi huo. Lilikuwa jepesi, lenye uzito wa kilo 550 hivi. Chesisi yake ilikaa juu, kiasi cha kuvuka makorongo na visiki. Vyuma vyake muhimu viliongezwa madini ya vanadium ili viwe imara bila kuwa vizito, na injini yake ya silinda nne ilikuwa na nguvu farasi 20. Bei ilikuwa dola 850. Baada ya kiwanda cha Highland Park kuanza kutumia mstari unaotembea mwaka 1913, muda wa kuunganisha chesisi moja ulishuka kutoka saa 12 na nusu hadi dakika 93, na kufikia mwaka 1925 gari dogo la watu wawili liliuzwa dola 260.

Bei hiyo ndiyo inayotajwa kila mara. Lakini kitu rahisi kinachoharibika na kumwacha mwenyewe njiani, umbali wa maili 30 kutoka kwa fundi, ni ghali kuliko kinavyoonekana dukani. Mkulima wa Kansas au Iowa alilijua hilo tangu enzi za mashine za kuvunia. Alichokipata kwenye Ford ni gari alilolielewa. Mtu aliyeweza kurekebisha pampu ya kisima au mashine ya kukatia majani aliweza kufungua injini ya Model T akiwa na spana chache, koleo na kipande cha waya. Kampuni ilitoa kitabu cha maelekezo kilichoandikwa kwa maswali na majibu, lugha nyepesi, na vipuri viliuzwa kwa bei iliyotangazwa, katika miji midogo ambayo kampuni nyingine hazikuwa na habari nayo. Mbali ya vipuri vya Ford mwenyewe, wafanyabiashara wengine walijaza katalogi zao vifaa vya kufunga kwenye gari hilo, kuanzia taa na vioo hadi sehemu za kuligeuza kuwa trekta dogo.

Wala lisidhaniwe lilikuwa gari la starehe. Waliolimiliki walikuwa na orodha ndefu ya malalamiko, na nyingi waliisimulia kwa kicheko. Kuliwasha kulihitaji kupiga hendeli mbele ya radieta, na asiyerudisha nyuma wenzo wa kurekebisha muda wa kuwaka kwa cheche alirudishiwa hendeli mkononi; mikono mingi ilivunjika namna hiyo. Stata ya umeme ilikuja mwaka 1919, tena kwa kuilipia zaidi. Asubuhi za baridi kali oili iliganda kwenye gia, hivyo injini ilipowaka gari lilianza kumsogelea mtu aliyeshika hendeli. Wenye uzoefu walinyanyua gurudumu moja la nyuma kwa jeki kabla ya kuliwasha. Tangi la petroli lilikuwa chini ya kiti, na mafuta yalishuka kwenye injini kwa uzito wake tu bila pampu. Matokeo yake ni kwamba mlima mkali ukikutana na tangi lililokaribia kuisha, injini ilikosa mafuta na kuzima, na dereva alilazimika kugeuza gari na kupanda mlima kinyumenyume. Geji ya mafuta haikuwepo. Kujua yamebaki kiasi gani, abiria wa mbele walishuka, kiti kikaondolewa, na kijiti kikatumbukizwa kwenye tangi.

Kuendesha nako kulitaka somo. Kulikuwa na pedali tatu, lakini hakuna hata moja iliyokuwa ya mafuta: moja ya gia, moja ya kurudi nyuma, moja ya breki. Mafuta yaliongezwa kwa wenzo mdogo chini ya usukani. Dereva wa leo akikalishwa humo atagonga ukuta kabla ya kutoka uani.

Pamoja na kasoro hizo, gari hilo lilifanya kazi ambazo hakuna aliyeziandika kwenye tangazo. Mkulima alinyanyua gurudumu la nyuma kwa jeki, akavisha mkanda, na injini ikawa mtambo wa kupasua kuni, kusaga nafaka, kusukuma maji kutoka kisimani, hata kuendesha mashine ya kukata manyoya ya kondoo. Kiti cha nyuma kilitolewa, pakakaa magunia, makopo ya maziwa au ndama. Wengine walikata bodi nyuma na kupigilia sanduku la mbao. Kampuni ilikuwa nyuma ya wateja wake kwa miaka mingi katika jambo hili. Lori la tani moja, Model TT, lilitoka mwaka 1917, na pikapu kamili kutoka kiwandani haikuuzwa hadi Aprili 1925, kwa dola 281, baada ya wakulima kujitengenezea za kwao tangu zamani.

Kwa upande wa uchumi wa kaya, faida ilionekana haraka. Safari ya kwenda mjini kuuza mayai na siagi iliyokuwa ikichukua siku nzima kwa mkokoteni ilikwisha kabla ya chakula cha mchana. Mkulima aliweza kulinganisha bei za masoko mawili au matatu badala ya kupokea aliyotajiwa na mnunuzi wa jirani. Daktari alifika, na mke wa mkulima, aliyekuwa akikaa wiki nzima bila kuona sura ya mtu wa nje, naye alitoka.

Hasara zilikuwepo pia, na baadhi hazikuonekana mapema. Maduka ya vijiji vidogo yalikosa wateja, kwa kuwa gari lililomfikisha mkulima kwenye mji mkubwa lilimpitisha pale bila kusimama. Jingine lilikuwa zito zaidi. Karibu mwaka 1915 Marekani ilikuwa na farasi na nyumbu zaidi ya milioni 25, na takriban robo ya ardhi iliyolimwa ilitumika kuwalishia. Gari na baadaye trekta viliposukuma wanyama hao pembeni, mkulima wa oti na majani makavu alipoteza soko alilokuwa akilitegemea, na mamilioni ya ekari yakahamia kwenye mazao ya chakula wakati bei zilikwisha kuporomoka baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Mkulima alinunua mashine iliyompunguzia gharama, na mashine hiyohiyo ikamwongezea washindani. Wachumi wanaoshabikia zana mpya bila kuuliza mazao ya ziada yatauzwa wapi wangefanya vema kuisoma miaka ya 1920 ya Marekani.

Mwaka 1917 Ford alileta trekta lake, Fordson, na hapa mapenzi ya wakulima yalianza kupata dosari. Kwa bei hakuwa na mpinzani: Januari 1922 aliishusha hadi dola 395, na kampuni kadhaa za matrekta zikafunga milango. Katika miaka yake mizuri, Fordson lilikuwa zaidi ya nusu ya matrekta yote yaliyouzwa nchini humo. Lakini lilikuwa jepesi mbele. Plau iliponasa kwenye mzizi au kisiki, magurudumu ya nyuma yalikataa kuzunguka, pua ya trekta ikanyanyuka, na kwa sekunde chache mashine nzima ikampindukia dereva. E. G. Pipp, aliyekuwa mhariri wa gazeti la Ford mwenyewe kabla ya kujiuzulu mwaka 1920, alianzisha jarida lake na kuchapisha habari za wakulima waliouawa namna hiyo. Marekebisho yalikuja taratibu mno. Mwaka 1924 kampuni ya International Harvester ilileta Farmall, trekta lililoweza kupita katikati ya mistari ya mahindi au pamba na kupalilia, na lenye mtambo wa kuendesha mashine nyingine kwa nguvu ya injini. Lilikuwa ghali zaidi, lakini wakulima walilinunua. Mwaka 1928 Ford aliacha kutengeneza Fordson nchini Marekani na kuhamishia kazi hiyo Cork, Ireland.

Gari nalo lilikuwa likielekea hukohuko. Wateja wa miaka ya 1920 walitaka vitu ambavyo Ford aliwanyima kwa makusudi: rangi (kwa zaidi ya miaka kumi gari lilitoka jeusi tu), gia za kisasa, na zaidi ya yote, mkopo. General Motors ilianzisha kampuni yake ya kukopesha wanunuzi mwaka 1919. Ford, ambaye alichukia madeni kama wakulima wengi wa kizazi cha baba yake, alijibu mwaka 1923 kwa mpango wa mteja kuweka akiba kila wiki hadi bei itimie ndipo apewe gari. Haukufanikiwa. Mtu gani atasubiri mwaka mzima akiwa anatembea kwa miguu, wakati wakala wa Chevrolet ng'ambo ya barabara anampa funguo leo? Januari 1926 mmoja wa wakuu wa kampuni, Ernest Kanzler, alimwandikia Ford waraka akimweleza kwa adabu kwamba Model T imepitwa na wakati. Kabla ya mwaka kwisha Kanzler alikuwa ameondolewa kazini. Mwaka uliofuata Chevrolet iliipita Ford kwa mauzo, Model T ikasimamishwa, na kiwanda kikakaa miezi kadhaa bila gari la kuuza hadi Model A ilipotoka Desemba 2, 1927.

Kuna sura nyingine ya miaka hiyo ambayo wapenzi wa Ford huipitia mbio. Gazeti lake, Dearborn Independent, ambalo mawakala wa magari walilazimishwa kulisambaza, lilieneza chuki dhidi ya Wayahudi kwa miaka. Kuanzia mwaka 1924 lilimshambulia Aaron Sapiro, mwanasheria aliyewasaidia wakulima wa Marekani na Kanada kuunda vyama vya ushirika vya kuuza mazao, likidai vyama hivyo ni njama ya Wayahudi ya kukamata kilimo cha nchi. Sapiro alimshitaki Ford akidai dola milioni moja. Kesi ilisikilizwa Detroit mwaka 1927 na ikavunjika bila hukumu, lakini Julai mwaka huo Ford aliomba radhi hadharani na gazeti likafungwa. Hivyo basi, mtu aliyempatia mkulima gari la kufika sokoni alitumia fedha za magari hayohayo kuvipiga vita vyama ambavyo vingempa mkulima huyo sauti ya kupanga bei akishafika. Wakulima walioliona hilo hawakuwa wachache.

Ukiacha mazuri na mabaya ya tajiri mwenyewe, kitu kimoja hakikuondolewa kwa mwenye Model T hadi mwisho. Gari lilikuwa lake. Hakuna aliyemzuia kulifungua, kulikata, kulivisha mkanda au kulifunga kipuri cha duka jingine. Ni haki ambayo hapo zamani haikuwa na jina, kwa kuwa hakuna aliyefikiri ingeweza kuchukuliwa.

Leo ina jina na ina mawakili. Trekta na mashine za kuvunia za kisasa huendeshwa kwa kompyuta, na hitilafu ndogo ya kihisio inaweza kuizima mashine katikati ya mavuno. Mkulima wa Marekani aliyenunua trekta kwa mamia ya maelfu ya dola hujikuta akimsubiri fundi wa wakala, kwa kuwa programu kamili ya kupima na kufuta hitilafu hiyo hapewi mtu mwingine. Januari 2023 John Deere, kampuni kubwa kuliko zote katika biashara hiyo, ilitiliana saini na shirikisho la wakulima la American Farm Bureau hati ya maelewano ya kuwapa wakulima na mafundi binafsi vifaa vya matengenezo. Wengi hawakuridhika nayo, maana hati si sheria. Aprili mwaka huohuo jimbo la Colorado lilipitisha sheria ya haki ya matengenezo kwa zana za kilimo, iliyoanza kutumika Januari 1, 2024. Januari 2025 tume ya serikali kuu inayosimamia ushindani wa biashara, pamoja na majimbo kadhaa, iliishitaki Deere kwa madai ya kuhodhi soko la matengenezo. Kampuni imeyakanusha madai hayo.

Hoja ya watengenezaji si ya kupuuzwa yote. Mtu asiye na ujuzi akichezea programu anaweza kuondoa kinga za usalama au za moshi, na gharama za utafiti lazima zirudi mahali fulani. Lakini kuna tofauti kati ya kumzuia mtu asibomoe kinga na kumzuia asisome kosa linaloonyeshwa na mashine yake mwenyewe. Mahindi yaliyokauka shambani hayasubiri zamu. Kila siku ya kusubiri inalipwa na mkulima, na anayemchelewesha hapotezi chochote, bali anapata ada ya huduma. Mpangilio wa namna hiyo hauna motisha ya kujirekebisha wenyewe, na ndiyo maana sheria inahitajika.

Kwa msomaji wa Tanzania habari hizi haziko mbali kama zinavyoonekana. Magari mepesi ya Ford yalitumiwa na majeshi ya Uingereza katika vita dhidi ya Wajerumani hapa Afrika Mashariki, na miongo mingi baadaye matrekta ya Ford 5000 yalilima mashamba makubwa ya ukanda huu. Wakati wa Kilimo Kwanza, kaulimbiu iliyozinduliwa mwaka 2009, SUMA JKT ilileta kutoka India matrekta ya New Holland na Farmtrac. Yote mawili yana damu ya Ford: New Holland ilirithi biashara ya matrekta ambayo Ford aliiuzia Fiat mwaka 1991, na Farmtrac ilitengenezwa na kampuni ya Escorts, iliyowahi kuyatengeneza matrekta ya Ford nchini India kwa ubia.

Mjadala wa matrekta hapa nchini huishia mara nyingi kwenye bei, riba na idadi ya yaliyokabidhiwa siku ya uzinduzi. Kwenye mikataba ya ununuzi yafaa pawepo mambo ambayo mkulima wa Iowa aliyauliza kabla ya kutoa dola zake: pampu ya haidroliki ikipasuka Mpanda au Kiteto kipuri kitatoka wapi, kwa siku ngapi, kwa bei iliyotangazwa au ya kubahatisha, kitabu cha ufundi kipo kwa lugha anayosoma fundi, na, kwa mashine zinazoanza kuingia zikiwa na kompyuta, nani ataishika programu ya kupimia. Benki inayokopesha trekta inapaswa kuwa ya kwanza kuuliza, kwani trekta lililolala juu ya mawe halilipi rejesho. Ukipita vijijini utakuta trekta kuukuu la miaka ya 1970 linalima huku jipya limeegeshwa chini ya mwembe, na sababu mara nyingi ni kwamba kuukuu lina fundi na lina spea.

Ford mwenyewe, pamoja na ukaidi wake wote, hilo alilielewa. Model T ya mwisho ilitoka Mei 1927, lakini mamilioni ya magari hayo yalikuwa bado yanatembea na wenyewe walihitaji injini za kubadilishia. Kampuni iliendelea kuzitengeneza kwa miaka 14 baada ya kuacha kuliuza gari lenyewe, na ya mwisho ilikamilika Agosti 4, 1941.